Mwongozo kamili wa kuchagua hosteli kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Mlimani

Majina ya waliochaguliwa vyuoni yakishatoka, mazungumzo ya nyumbani huanza na ada, yakaja kwenye mkopo, na mwisho kabisa, mtu akiwa ameshakata tiketi ya basi, ndipo linakuja swali la kulala. Hapo hujibiwa kwa haraka: atafikia kwa mjomba Kimara, mengine yatajulikana hukohuko. Mengi huwa hayajulikani mpaka wiki ya tatu, wakati vitanda vimekwisha na vipindi vimepamba moto.

Nimeandika haya kwa ajili ya kijana anayekwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kampasi ya Mlimani, na kwa mzazi anayemsindikiza. Msimamo wangu nausema mapema: mwaka wa kwanza, ukipata kitanda cha chuo kichukue, hata kama chumba hakikuvutii. Mtaani utahamia mwaka wa pili, ukiwa umeshaujua mji, umeshaijua ratiba na umeshamjua rafiki wa kuchangia naye kodi. Ila hata vitanda vya chuo havilingani, na hapo ndipo panapohitaji akili.

Hatua ya kwanza: jua utasomea wapi hasa

Kabla hujauliza hosteli ipi nzuri, soma barua yako ya udahili neno kwa neno. Aliyechaguliwa DUCE anasoma Chang'ombe, na wa MUCE anasoma Iringa. Vyuo vikuu vishiriki hivyo vina utaratibu wao wa malazi, kwa hiyo hosteli za Mlimani hazimhusu. Aliyechaguliwa kozi za kompyuta na mawasiliano chini ya CoICT, kampasi yake iko Kijitonyama. Huyu akipigania kitanda Mlimani kwa kuwa ndugu zake wote walikaa huko, atakuwa anawahi daladala kila asubuhi wakati wenzake wa Mlimani wanatembea kwa miguu.

Hata ndani ya Mlimani kwenyewe umbali upo. Madarasa ya Yombo, ukumbi wa Nkrumah, majengo ya uhandisi na maktaba havijabanana mahali pamoja, na kilima kile kina miteremko yake. Mtafute mtu wa mwaka wa pili wa kozi yako, umwulize mambo mawili: vipindi vingi vinafanyika majengo gani, na kipindi cha mwisho kinatoka saa ngapi. Jibu la swali la pili ni zito kuliko unavyodhani, kwa sababu kipindi kikimalizika saa 2 usiku, safari ya kurudi kulala inaingia kwenye hesabu ya usalama wako na ya nauli.

Halafu ipo maktaba. Ile mpya iliyofunguliwa Novemba 2018 ilijengwa kuhudumia wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, na msimu wa mitihani ndiyo makao ya watu. Anayelala ndani ya kampasi anasoma mpaka achoke, kisha anatembea kwenda kulala. Anayelala mbali anaanza kuangalia saa mapema, maana bado anawaza gari.

Hatua ya pili: elewa vitanda viko wapi

Ndani ya kampasi kuna mabweni ya zamani, yale yanayoitwa Hall kwa namba, kuanzia Hall I hadi Hall VII. Ni majengo ya miaka mingi, na kuta zake zimepokea vizazi vya wasomi tangu chuo kilipohamia mlimani mwaka 1964. Sifa yake kubwa ni ukaribu: madarasa, maktaba na sehemu za kula vyote ni mwendo wa miguu. Kasoro zake ni za umri: mabomba yanayosumbua, vyoo vya kuchangia vyenye foleni asubuhi, na kelele za korido.

Zipo Hosteli za Magufuli, zilizozinduliwa tarehe 15 Aprili 2017. Ni majengo 20 yaliyojengwa na Wakala wa Majengo, TBA, kwa ajili ya wanafunzi 3,840, sawa na wanafunzi 192 kwa kila jengo. Ni mapya kuliko Hall, ndiyo maana kila mtu anayataka. Ukipangiwa huko, kabla ya kushangilia angalia umbali wa kwenda kwenye madarasa yako na ujue utapanda ghorofa ya ngapi.

Ipo Mabibo, nje ya kampasi, upande wa pili wa Barabara ya Morogoro. Kutoka huko kwenda Mlimani ni daladala, na njia inapita kwenye msongamano wa Ubungo. Mabibo ina maisha yake: soko liko karibu, chakula cha bei nafuu kipo, na wanafunzi ni wengi kiasi kwamba hukosi mwenzako wa kozi. Wengi wamekaa Mabibo wakamaliza na madaraja mazuri. Ila walijifunza kuamka mapema.

Baada ya hapo zinakuja hosteli za watu binafsi na vyumba vya kupanga, au mageto kama wenyewe wanavyoyaita, katika mitaa inayokizunguka chuo: Changanyikeni, Savei, Msewe, Makongo na Ubungo yenyewe. Hosteli binafsi hutofautiana sana. Kuna yenye mlinzi, tenki la maji na sheria za geti, na kuna nyumba ya kawaida iliyojazwa vitanda vya deka na kupachikwa bango.

Mgawanyo wa nani anakaa jengo gani, wavulana wapi na wasichana wapi, soma kwenye tangazo la mwaka wako. Usitegemee kumbukumbu za kaka aliyemaliza zamani.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya mwaka, si ya mwezi

Hapa ndipo wazazi wengi wanapojikwaa. Wanalinganisha bei ya kitanda na bei ya chumba kwa mwezi, wanaona tofauti inabebeka.

Chukua nauli kwanza. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilipopandisha nauli za daladala Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ilifika shilingi 600. Kwenda na kurudi ni 1,200. Kwa siku 5 za vipindi ni 6,000, na kwa muhula wa wiki 16 ni 96,000. Mihula miwili inakuwa 192,000, kwa gari moja tu la moja kwa moja. Ukiwa wa kuunganisha magari mawili, zidisha mara mbili. Na hapo hujaweka bodaboda ya usiku.

Kodi nayo ina ujanja wake. Tuseme umepata chumba cha 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka ya miezi 6 kwa mkupuo, hiyo ni 480,000. Dalali anataka yake, na kwa desturi ya Dar es Salaam ni sawa na kodi ya mwezi mmoja: inafika 560,000. Hujanunua godoro, pazia, ndoo wala jiko. Likizo ndefu utalipia chumba usichokilalia, na ukienda mafunzo kwa vitendo mkoa mwingine utalipia vyumba viwili. Kitanda cha chuo hulipiwa kwa muda wa masomo, na bei yake katika vyuo vya umma iko chini sana ya hiyo.

Mwenye mkopo naye ajue jambo moja. Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, ni la chakula na malazi kwa pamoja. Kiwango kilichopanda kutoka 8,500 kufika 10,000 kwa siku kinasikika kikubwa ukikiona chote siku kimeingia, lakini kodi ya chumba imo ndani yake. Nauli ile ya 192,000 peke yake inameza bumu la siku 19. Tena bumu la kwanza halikusubiri getini: kuna usajili na kusaini kwanza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza afike na fedha ya kumfikisha walau wiki kadhaa, na fedha ya kitanda iwe mkononi kabla.

Hatua ya nne: omba mapema, lipa ndani ya muda

Maombi ya malazi hufanyika kwenye mfumo wa chuo mtandaoni. Ukishathibitisha nafasi yako ya masomo na kupata taarifa za kuingilia kwenye mfumo, usingoje mpaka ufike Dar es Salaam. Omba ukiwa nyumbani. Kama kijijini kwenu intaneti inasumbua, nenda siku moja mjini ukamalize kazi hiyo, maana kitanda chako kinaombewa na wengine muda huohuo.

Ukipangiwa, mfumo unakupa namba ya malipo ya serikali. Lipa kwa namba hiyo tu, benki au kwa simu, na uangalie jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Kuna muda wa mwisho wa kulipa. Ukiupitisha, kitanda kinarudi kwenye mfumo na kupewa mwingine, na huko hakuna wa kumlalamikia. Hifadhi risiti kwenye simu, na uchapishe nakala ya kubeba mkononi.

Sasa naomba unisikilize kwa makini, mdogo wangu. Kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wapya atatokea mtu mwenye lugha nzuri, anayejiita kiongozi au mtumishi wa ofisi ya malazi, akisema ana vitanda viwili vimebaki, tuma kwenye namba hii. Kitanda cha chuo hakilipiwi kwenye namba ya mtu. Wapo pia wanafunzi wanaouza nafasi zao chinichini. Ukinunua, jina kwenye mfumo linabaki lake, na siku ya ukaguzi unayetolewa na godoro lako ni wewe, huku yeye ameshakula hela.

Kama una ulemavu, pumu, kifafa, selimundu au hali nyingine ya kiafya, iandike kwenye maombi na ubebe barua ya hospitali. Wengine huona aibu kusema. Maji yakikatika jengo la ghorofa, ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mtu mwenye selimundu hapaswi kuipandisha hadi ghorofa ya tatu kila asubuhi. Kitanda cha ghorofa ya chini kwako ni haki ya kuiomba mapema, na kuiomba baada ya watu kuingia vyumbani ni vigumu mno.

Hatua ya tano: ukikosa kitanda

Usikimbilie kulipa chumba cha kwanza unachoonyeshwa. Rudi kwenye mfumo kila siku katika wiki mbili za mwanzo, kwa sababu wapo wasioripoti, wanaoahirisha masomo na wasiolipa kwa wakati, na vitanda vyao hurudi. Nenda ofisi ya malazi mwenyewe ukiwa na vitambulisho, na uwaone viongozi wa DARUSO, serikali ya wanafunzi, wanaoshughulikia malazi.

Kuna njia ambayo kila aliyepita Mlimani anaijua: kubebana. Yaani mwenye kitanda anampokea asiye nacho, wawili wanalala kitanda kimoja cha mtu mmoja. Inatokana na utu na imewasaidia wengi wasio na kitu, siwezi kuibeza. Lakini kanuni za hosteli haziiruhusu, na chumba cha watu wanne kikiwa na sita, choo, maji na hewa vinabaki vya wanne. Ikibidi, iwe ya siku chache huku ukitafuta pengine, na waombe ruhusa wenzake wote wa chumba, si mwenye kitanda peke yake. Ugomvi mwingi wa vyumbani huanzia hapo.

Ukiamua kupanga, kichunguze chumba mara mbili: mchana, na tena saa 2 usiku. Mchana utaona ukuta na dari. Usiku utasikia baa ya jirani, utaona kama njia ina taa, na utajua kama ungekuwa na ujasiri wa kuipita peke yako. Kwa dada zangu nasema waziwazi: chumba kizuri cha bei nafuu chenye njia ya giza katikati ya kichaka ni chumba ghali. Uliza pia masika ilipita vipi. Bonde linalopendeza Oktoba linaweza kuwa mto mwezi Aprili, na alama ya maji kwenye kuta za majirani itakuambia hata kama dalali amenyamaza.

Umeme uulizie kwa undani: LUKU ni yako au mnachangia? Mkichangia, kubalianeni kabla ya kuingia. Jiko la koili la wati 1,000 linakula yuniti moja kwa saa, wakati taa ya wati 10 inachukua saa 100 kufikia yuniti hiyohiyo. Kugawana sawa kwa vichwa kunamwumiza asiyepika. Kumbuka pia kwamba tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, kwa hiyo mwulize mtaihesabu vipi.

Mkataba uwe wa maandishi, uwe na kiasi, tarehe, kilichomo chumbani na muda wa notisi, na usainiwe mbele ya shahidi. Ukaandikishe jina lako serikali ya mtaa. Kabla ya kulipa, zungumza na mpangaji mmoja wa nyumba hiyo wakati mwenye nyumba hayupo. Mwulize maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Jibu lake lina thamani kuliko maneno yote ya dalali.

Hatua ya sita: siku ya kuingia

Fika asubuhi, siku ya kazi. Ukifika Ijumaa jioni na taa haiwaki, fundi utamwona Jumatatu.

Utapewa fomu ya kukabidhiwa chumba. Usisaini ukiwa mapokezi. Panda nayo chumbani, uangalie kila kilichoandikwa kama kipo na kizima: kitanda, meza, kiti, kabati, kufuli, kioo cha dirisha, soketi. Kilichovunjika kiandike kwenye fomu na ukipige picha. Mwisho wa mwaka utakabidhi chumba kwa fomu hiyohiyo, na kioo ambacho hukukivunja utakilipia kama hukukiandika.

Kabla ya kutandika, tafuta kunguni. Funga pazia, washa tochi ya simu, na anza na mishono ya godoro, hasa kwenye kona. Kisha pindua chaga uangalie matundu ya misumari na viungo vya fremu, maana hata kitanda cha chuma kina mabomba yenye matundu wanamoingia mchana. Unachotafuta ni vidoa vyeusi vidogo vya kinyesi vilivyotapakaa kama nukta za kalamu ya wino, maganda mepesi ya rangi ya kahawia, na mayai meupe madogo. Ukiviona, toa mizigo yako nje kwanza, kisha karipoti. Usipulize dawa ya mbu ukadhani umemaliza: kunguni hukaa miezi bila kula, na mayai yanaanguliwa baadaye. Nguo na shuka zilizoguswa loweka kwenye maji ya moto kweli, fremu mwagia maji yanayochemka kwenye kila kiungo, na chumba kizima kifanyiwe kazi siku moja, vitanda vyote. Kusafisha kitanda kimoja ni kuwahamishia jirani, na watarudi.

Kitanda cha chini au cha juu? Ukipata nafasi ya kuchagua, cha chini kina urahisi wa kuamka usiku na kusogezea meza. Tatizo lake ni kwamba kila mgeni atakikalia. Cha juu kina faragha na joto lake. Angalia tu kama kina kizuizi cha pembeni na kama chandarua kitaning'inia vizuri.

Vitu vya kubeba vitoshe: shuka, chandarua, kufuli mbili imara, ndoo mbili zenye mifuniko, dumu la maji ya akiba, ekstensheni nzuri yenye fyuzi, kandambili. Acha nyumbani jiko la umeme na hita ya kuchovya. Kupika vyumbani hakuruhusiwi, na sababu yake ni ya kweli: nyaya za chumba zimepangwa kwa taa, feni na kompyuta. Watu wanne wakichomeka hita kwenye ekstensheni moja, waya unapata moto kabla hata hujasikia harufu.

Hatua ya saba: wenzako wa chumba

Huwezi kuwachagua mwaka wa kwanza, lakini usiku wa kwanza unaweza kukaa nao nusu saa mkapanga. Zungumzeni mambo manne: taa inazimwa saa ngapi, nani anachota maji siku gani, wageni wanaruhusiwa mpaka saa ngapi, na kitu cha mtu kinaazimwaje. Kuhusu ibada nako mwambiane mapema. Anayeamka kuswali alfajiri na anayesali kwa sauti usiku wanaweza kuishi kwa amani kama kila mmoja anajua saa za mwenzake. Vitu vya thamani fungia, hata mkipendana. Kompyuta nyingi huibwa mlango ukiwa wazi, mtu "ametoka kidogo tu" kuoga.

Wanaokwenda vyuo vingine watumie hatua hizihizi kwa mazingira yao. SUA, chuo kikuu cha kilimo, ina kampasi kuu na ina Mazimbu, zote Morogoro lakini si mahali pamoja. UDOM ya Dodoma ni kubwa, na ndaki zake, yaani vyuo vyake vya ndani, zimeachana sana, hivyo kitanda karibu na ndaki yako ni jambo la kupigania. SAUT Mwanza wengi huishi mitaa ya Malimbe na Nyegezi, kwa hiyo hatua ya tano ndiyo yao hasa.

Ukitaka kuhama

Chumba kikikushinda, toa taarifa kwa maandishi kwa msimamizi wa hosteli ndani ya wiki mbili au tatu za mwanzo, wakati vitanda bado vinahama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Eleza sababu moja inayothibitika, kama afya, umbali wa kampasi au usalama, na uambatishe ushahidi. Mwanafunzi wa kubadilishana naye ukimpata mwenyewe, nendeni ofisini wote wawili ili mfumo ubadilishwe kabla hamjahamisha godoro. Ufunguo wa zamani urudishe siku hiyohiyo, na udai sahihi ya aliyeupokea.